Vitamini Tu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Maabara alinikabidhi hadubini pamoja na onyo: "Binti, kazi yako kusoma slaidi. Wagonjwa waachie madaktari." Nikaitikia, ingawa mimi na kunyamaza hatujawahi kuelewana.

Ilikuwa hapa Dodoma, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Maduka ya dawa yaliota kila kona, na sindano za vitamini C zikawa fasheni. Umechoka, unachomwa. Umekonda, unachomwa.

Basi akaletwa mwalimu kutoka Haneti, macho ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, anahema kwa taabu. Malaria sikuiona. Kwenye fomu Daktari wa Wodi alikuwa ameandika: "Hajatumia dawa yoyote." Nikapaka damu rangi ya zambarau, nikaona vidoti vimeganda pembeni mwa chembe nyekundu. Vidoti hivyo ni alama kwamba kuna kitu kinaziunguza chembe kwa ndani. Kitu gani sasa, kama hajatumia dawa?

Nikaenda wodini mwenyewe. Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Dawa gani, dada? Hajameza hata kidonge," alisema. "Anachomwa vitamini tu, kila siku, apate nguvu. Vichupa vya leo ninavyo, jirani yetu muuguzi anakuja saa kumi kumchoma."

Mungu wangu! Ilikuwa saa tisa na nusu. Nilivichukua vile vichupa, nikakimbia navyo hadi kwa Daktari. Nikamweleza: vitamini C kidogo huilinda damu, ila ikimiminwa nyingi kwenye mshipa huzalisha kemikali kali. Chembe hujikinga kwa kimeng'enya maalumu, na wapo watu waliozaliwa na upungufu wake. Chembe zao hupasuka.

Mkuu wangu akanifuata huko huko, amefura. "Nani kakutuma wodini?"

"Slaidi, mzee."

Daktari alisimamisha sindano, akaagiza mgonjwa aongezewe damu. Mwalimu akapona, na miezi kadhaa baadaye kipimo kilithibitisha upungufu ule.

Siku ya kuruhusiwa, mkewe alinishika mkono akilia. "Kumbe nilikuwa namuua mwenyewe?"

"Hapana, shoga yangu. Sisi ndio tuliouliza vibaya."

Sasa nimestaafu, nipo zangu Mkonze, na mashine zenu mpya sizijui wala sizionei wivu. Vijana wa maabara wakija kunisalimia nawaambia: msiulize "umetumia dawa gani?" Ulizeni ameingiza nini mwilini. Yule mama alijibu swali letu kwa ukweli mtupu, na ukweli ule ulibakiza nusu saa tu umuue mumewe.