Baba alivyopinga theory ya mbu kwa mahindi ya kuchoma

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Bibi yenu leo sitii chumvi, yaliyotokea ndiyo haya.

Humu kila siku mtu akibanwa kwenye mjadala anasema, "Hiyo ni theory tu." Mnanikumbusha baba yangu.

Enzi za Mwingereza sie tulikaa Temeke. Baba alikuwa fundi cherehani, mbishi balaa.

Masika ya mwaka mmoja mdogo wangu Saidi akafa kwa homa. Baba akasema kauawa na mahindi ya kuchoma aliyopewa na mama. Tangu hapo akawa hamsemeshi mama.

Tulikuwa na mpangaji, Mwalimu Elia, kijana wa bara. Masika yaliyofuata akamwambia baba, "Mzee, homa ile huletwa na mbu."

"Hiyo nadharia tu."

"Na yako ya mahindi? Asiyekula akiugua, unasemaje?"

"Kanusa moshi."

(Mzee wangu alikuwaga na majibu, Mungu amrehemu.)

Mwalimu akacheka. "Yako haishindwi kamwe, ndiyo maana haitufundishi kitu. Yangu inaweza kushindwa. Chukua chandarua changu, kula mahindi kila siku. Mimi nitalala bila chandarua, mahindi siyagusi. Ukiugua wewe, nafuta kauli."

Baba akala mahindi masika yote. Akanenepa!

Mwalimu, wiki ya tatu, akatetemeka mpaka kitanda kinalia. Tukajua tunazika tena. Mama akamnywesha kwinini na uji, baba kakaa mlangoni kanywea.

Homa iliposhuka, mgonjwa akafumbua macho. "Mzee, umeona?"

"Mtu mmoja huenda ni bahati mbaya," baba akasema.

"Kweli kabisa! Tupime kwa wengi."

"Mwalimu, wewe mwehu. Utakufa ukiwa sahihi."

Lakini akaenda jikoni, nilikokuwa nachambua mchele na mama.

"Mama Saidi, nisamehe. Hukumuua mtoto."

Mama hakugeuka. Aliendelea kuchambua mchele. Akasema, "Shona vyandarua."

Akashona. Cha kwanza cha watoto.

Wakuu, theory si kubahatisha. Ni maelezo yanayokubali kupimwa, hata yakiumbuka. Yasiyokubali kupimwa yalimhukumu mama yangu mwaka mzima, bure kabisa.

Haya, nyie wa "theory tu", njooni mnichane. Na kwenu, nani alibebeshwa kifo kisichomhusu?