Kiti cha Maji Alichonyimwa Severina

Mwezi Juni wa mwaka 1961, siku ambayo baraza la tarafa yao, upande wa Newala, lilikutana kugawa kamati, Severina alifika amechelewa na kanga yake imelowa mabegani. Alikuwa ametoka kuteka maji. Wajumbe wengine tisa, wanaume watupu, walikuwa wameketi tangu saa mbili asubuhi, nguo zao kavu.

Alizaliwa Ndanda, chini ya genge, mahali ambapo maji hushuka yenyewe kutoka miambani na mtoto huyachezea bila kugombezwa. Mwaka 1939 aliolewa na Marko, mkulima wa korosho, akapanda naye hadi Namalembo, kijiji kilicho ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu. Huko hakuna mto wala chemchemi. Mvua yote humezwa na mchanga. Kila alfajiri alishuka genge kwa miguu, akajaza debe, akapanda nalo kichwani: saa moja na nusu kushuka, saa mbili na zaidi kurudi. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili. Alifanya hivyo akiwa na mimba tano, na moja kati ya hizo iliharibikia njiani, kwenye kona ambayo wanawake wenzake hawakupita tena bila kumtaja.

Tangu mwaka 1954 alikuwa akiandika. Kwenye daftari la shule la binti yake Helena aliweka jina la kila kijiji cha ukingoni, mahali kinapoteka, mwendo wake kwa saa, na chemchemi ipi hukauka mwezi gani. Alikwenda mwenyewe vijiji kumi na saba, akauliza mlango kwa mlango. Daftari hilo ndilo lililompeleka barazani, kwa kura za watu waliokuwa wamejibu maswali yake. Na sasa serikali ilikuwa imekubali kujenga vituo vitatu vya bomba, na mkuu wa kamati ya maji ndiye angeonyesha pa kuvijenga. Hakuna mjumbe ambaye hakujua Severina amekuja kutafuta kiti gani.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Anselmo. Mwezi uliotangulia redio ya dukani ilikuwa imetangaza mawaziri wa serikali mpya ya Dar es Salaam, na jambo hilo lilimkaa Anselmo moyoni. Alimwita Mwalimu Cuthbert, mjumbe mwenzake, mtu wa Masasi ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari wa kwanza, akamtaka amweleze jinsi Waziri Mkuu anavyochagua watu wake. Cuthbert alimweleza kwa uangalifu, kama alivyofundisha kila kitu. Waziri Mkuu, alisema, hatazami ujuzi peke yake. Hupima majimbo yasilalamike, hupima dini zisinung'unike, na mwenye uwezo wa kuleta matata humpa kazi ili ashughulike. Na wakishatajwa, wote husema kwa sauti moja. Anselmo alilipenda sana neno kupima. Kuanzia hapo wenye utani walimwita Waziri Mkuu, naye hakuwakataza.

Siku ya kikao alivua kofia, akatoa karatasi ndani yake.

"Nimepima," akasema.

Elimu alimpa Cuthbert, fungu la watu wa bondeni. Barabara na kilimo aliwapa wazee wawili wa uwandani, Mwislamu mmoja na Mkristo mmoja. Maji alimpa Lukmani.

Lukmani alizaliwa na kukulia Masasi, akauza nguo Masasi, na siku za kikao alipanda Newala kwa lori. Mtaani kwao kisima kilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni, na hatua hizo alitembea mkewe. Lakini mama yake alitoka uwandani, na kaka wa mama huyo alikuwa mkuu wa kijiji kikubwa. Kwa hesabu ya Wamakonde, mtu ni wa kwa mjomba wake. Basi Lukmani, aliyelala Masasi, alihesabiwa mtu wa juu. Severina, ambaye mjomba wake alikuwa Ndanda, alihesabiwa mtu wa bondeni, na fungu la bondeni lilikuwa limekwisha.

Anselmo alilieleza hilo taratibu, kwa upole wa mtu anayeamini ametenda haki. Hilo ndilo lililomchoma Severina kuliko kiti chenyewe. Hakukuwa na hila ya kufichua. Mizani ilikuwa imewekwa hadharani, na ndani yake miaka ishirini na miwili haikuwa na uzito hata wa punje.

Lukmani alitaka kulainisha mambo. "Usihofu, Mama Helena. Maji hata mimi nayajua, nayanywa kila siku."

Wakacheka. Severina aliwaacha wamalize.

"Mwenyekiti," akasema, "mjomba wangu hajawahi kushuka genge lile hata siku moja. Ukoo mnauhesabu kwa tumbo la mama. Mama mwenyewe, aliyebeba tumbo chini na debe juu, hamumhesabu popote."

Anselmo akakumbuka fundisho la mwenye uwezo wa kuleta matata, akampa kazi papo hapo: sherehe za Uhuru zinakuja, wageni watakuwa wengi, Mama Helena awe mkuu wa kamati ya mapokezi. Hicho nacho ni cheo.

"Hao wageni watanawa maji ya nani?" akauliza Severina. "Sikitaki."

Karani wa baraza, Walter, kijana wa misheni mwenye mwandiko mzuri, aliandika haraka. Severina alikwenda mezani akasoma. Palikuwa pameandikwa kwamba Bibi Severina ameishukuru meza, na ameomba apumzishwe kwa sababu za nyumbani.

"Futa," akasema. "Andika: amekataa."

Walter alimtazama Mwenyekiti. Cuthbert, macho yakiwa chini, alinong'ona kwamba desturi ya serikali ni sauti moja.

"Mwalimu, sauti moja ni ya waliotajwa. Mimi sikutajwa."

Alisimama pale, mkono juu ya ukurasa, mpaka Walter alipopiga mstari na kuandika neno hilo.

Wiki tatu baadaye Lukmani alifika Namalembo, viatu vimejaa mchanga, akatoa shikamoo mara mbili kwa mwanamke aliyemzidi umri kidogo tu. Alihitaji daftari. Hakujua vijiji vya ukingoni viko vingapi. Severina alimwacha amesimama kwa muda mrefu. Alimfikiria Josephina, mkwe wake, aliyekuwa na mimba ya miezi saba na bado anashuka. Akaingia ndani, akalitoa.

Katika kikao cha Agosti Lukmani alilisoma lote, kijiji kwa kijiji, saa kwa saa. Mihutasari ya siku hiyo inampongeza Bwana Lukmani kwa uchunguzi wa kina. Severina alikuwapo, lakini mihutasari hiyo haimtaji. Katika jalada zima jina lake la kuzaliwa linaonekana mahali pamoja tu, katika mstari uliofutwa, chini ya neno amekataa.

Bomba la kwanza lilifunguliwa Namalembo mwezi Novemba. Anselmo alihutubia, Lukmani akashukuru kwa niaba ya kamati, watu wakapiga vigelegele. Severina alipanga foleni kama wengine, akajaza debe lake. Anastasia, jirani yake, alimsaidia kujitwika, akamuuliza kama sasa roho imetulia.

"Maji haya ni yangu, nitayanywa," Severina akajibu. "Hasira nayo ni yangu. Sijaigawa kwa kamati yoyote."

Akarudi nyumbani. Safari ilichukua dakika nne.