Nywele za Siku ya Kazi

Binti wa marehemu mdogo wangu tunamwita Sindano. Tangu ana miaka saba hakushika kitu chenye nyuzi akakiacha salama. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta nyuzi zote za pindo la pazia langu zimesukwa. "Mama mkubwa, zilikuwa timtim," akaniambia. Sikumchapa. Nilikaa nikazitazama, maana zilikuwa zimenyooka kuliko kazi ya watu wazima.

Leo ana saluni yake, viti vitatu na draya mbili, nami mchana hukaa pale mlangoni. Siogopi kusema kwamba mjini humu hakuna mkono kama ule.

Mwaka jana alikuja mwongozaji wa kundi la maigizo, mkononi ana picha ya zamani. Mchezo wao ulihusu wanawake waliobeba matofali tanurini enzi za mama yangu, nywele zao zikisukwa kwa uzi mweusi, kila fungu likizungushiwa uzi mpaka likakakamaa kama kijiti. Alitaka waigizaji wake sita wafanane na mwanamke wa kwenye picha, vijiti vimesimama utosini kama taji.

"Nikiridhika, dada, nywele za kundi ni kazi yako mwaka mzima," alisema. "Nisiporidhika, nanunua mawigi."

Sindano aliitaka kazi ile mpaka chakula kikawa hakipiti. Miaka kumi na miwili watu wanamnyooshea simu, "Nisuke kama huyu," na wote ni huyo huyo. Alitaka kitu cha kumtoa jasho.

Jasho lilimtoka mapema. Waigizaji wote walikuwa wametia dawa nywele zao, zikawa laini, na uzi ukawa unateleza. Kufika jioni vijiti vimelegea.

"Nywele za siku hizi zina adabu mno," nikamwambia. "Uzi unataka nywele zenye ubishi."

Akacheka. Kesho yake alichukua rasta za kipilipili, akaziunga kwa kulabu kwenye shina la kila fungu la mwigizaji wa kwanza, ndipo akazungusha uzi. Zikashika kama zimepigwa misumari. Taji likasimama vilevile kama la pichani.

"Mbona umenuna, mama mkubwa?"

"Mama yangu alibeba matofali miaka kumi na tisa. Ngata ya kutulizia mzigo angeiweka wapi hapo? Hiyo ni picha ya studio. Mtu alijipamba, akapigwa picha, akarudi nyumbani akafumua."

"Na siku ya kazi?"

Nikamwonyesha kwa vidole kichwani mwangu: vijiti vinaanzia kwenye paji, vinapita juu ya masikio, vinafungwa kisogoni. Utosi bapa kama sahani. Nilibebwa mgongoni mwa mama yule. Kisogo chake nakijua kuliko uso wake.

"Lakini yule kaka anataka cha pichani," akasema. Kisha akamwita mwigizaji wa pili, akamsuka nilivyomwonyesha.

Mwongozaji alipofika alimshangilia yule wa taji. "Huyu ndiye! Na huyu mwenzake vipi? Kalalia?"

"Huyu yuko kazini," Sindano akamjibu.

"Dada, picha haidanganyi."

"Haidanganyi, kaka. Ila siku ile hakubeba matofali."

Akanigeukia mimi. "Bibi, wewe ndiye umemfundisha ubishi huu?"

"Ubishi kazaliwa nao. Mimi nimemwongezea ukweli."

Sindano hakutaka maneno zaidi. Alimtwika kila mmoja ngata na matofali manne ya pale uani, akawaambia waende mpaka getini na kurudi. Wa taji hakumaliza ngazi za mlangoni. Mzigo uliyumba, akaudaka kwa mikono miwili, na taji likalala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Mwenzake alienda, akageuka, akarudi mikono inaning'inia, na njiani akamsalimia jirani.

Mwongozaji aliitazama picha yake, akaitia mfukoni.

"Waliobaki utawamaliza lini?"

"Jumamosi," Sindano akasema, huku ameshavuta kiti. "Wako watano: wanne wa kusuka, na mmoja wa kufumua kwanza. Haya, wa taji, njoo ukae."