Jirani wa Tatu Niliyempa Sifuri

Nalisema hili kwa aibu, maana mpaka leo nikikutana na Yusto kwenye korido za chuo hapa Mbeya natamani ukuta unifiche, ingawa yeye ndiye huwa wa kwanza kunisalimia.

Mimi naye tulikuwa tunasoma shahada ya uzamili ya fizikia, kila mmoja na hesabu zake kwenye kompyuta, na swali letu lilikuwa moja: kuna madini ambayo atomi zake zimejipanga kama sega la nyuki, kila atomi ni kisumaku, na kila kisumaku kinavutwa huku na jirani wa kwanza, kule na wa pili, kwingine na wa tatu aliye ng'ambo ya kitundu cha sega, je, ukivipoza kabisa vitatulia kwa mpangilio, au mvutano huo utaviacha vikiyumba daima kama maji yasiyoganda? (Kuyapata hayo maji ni ndoto ya kila mtu wa fani yetu, nami nilishaanza kujiona gazetini.)

Basi siku moja kompyuta yangu ilikuwa inajikokota, nikaamua kumpa jirani wa tatu sifuri, yaani mvuto wake usihesabiwe, mara moja tu, nione programu inakwenda, halafu nimrudishe. Sikumrudisha, nilisahau. Wiki mbili baadaye visumaku vikagoma kutulia, nikamkimbilia msimamizi wetu, naye kwa furaha akatuandikisha wote wawili kwenye semina Iringa.

Hesabu za Yusto zilionyesha vinatulia. Njiani, tulipofika Chimala, akaniomba tulinganishe mafaili, nikamwambia atafute kosa lake kwanza (na huku natafuna mahindi aliyoninunulia). Akawa anazipekua hesabu zake mwenyewe mpaka Iringa, na asubuhi ya semina nikasikia amemwomba msimamizi aondoe sura nzima ya hesabu hizo kwenye tasnifu yake.

Hapo ningeweza kujirudi. Badala yake nikasimama mbele ya ukumbi, nikatangaza matokeo yangu, na juu yake nikasema mwenzangu amekosea. Profesa mmoja mama aliyeketi mbele akavua miwani.

"Jirani wa tatu umempa ngapi?"

Nikajibu nimempa sawa na Yusto. Akaomba kuona. Nikafungua faili kwenye skrini kubwa, kwa madaha kabisa, nikashuka mstari kwa mstari, na mstari wenyewe ukatokea: sifuri.

"Weka namba yake, uendeshe tena," akasema taratibu. "Tutasubiri."

Wakasubiri kweli, hakuna aliyetoka, nami nimesimama palepale sijui mikono niiweke wapi, mpaka visumaku vikatulia safu kwa safu, vilevile kama vya Yusto. Nikashika maiki nikasema aliyekosea ni mimi, na sura ya tasnifu yake irudishwe. Yusto akainuka akaniletea maji.

"Kaa, Tumpe," akaninong'oneza. "Imeshaisha."

Kwangu haijaisha. Sasa sitangazi hesabu yoyote kabla mtu mwingine hajaipitia, na kosa la mwenzangu sitalisema tena mbele za watu kabla sijaketi naye meza moja nikalikagua la kwangu.