Jibu Lililokwama Ruiru

Wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya wafanyakazi ya kiwanda kimoja hapa Thika, nikingoja barua ya dada yangu. Mbele yangu alisimama mwanamume wa makamo, ovaroli ya bluu mwilini, kofia mkononi.

"Madam, leo sijakuja kuuliza uhamisho," alimwambia karani. "Naomba ruhusa ya mazishi. Mama alituacha jana."

Karani aliweka kalamu chini. Wiki nzima mtu huyu alikuwa akiuliza kama tawi la Ruiru limekubali kumpokea, apate kumuuguza mamake pale Mwiki, karibu na tawi hilo. Wiki nzima alimjibu, "Bado hawajajibu."

Nyuma ya karani, fundi wa kompyuta alikuwa ameinamia programu mpya ya ofisi ya kupokea barua. Barua za Ruiru hupitia kwanza kwenye programu nyingine ya katikati, inayozipokea na kuzigawa kama posta.

"Kumbe hapa kwa settings za programu waliandika anwani ya mashine ya zamani, ndiyo maana barua zimekwama huko katikati," alisema. Akairekebisha, akaiwasha programu upya. Printa ikaanza kutema karatasi.

Karani alisoma moja, akashika mdomo. "Ngai! Walikubali Jumatatu. Ulitakiwa uripoti Jumanne."

Mwanamume aliisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole.

"Jumanne Mama alikuwa bado anaongea," alisema.

"Nenda tu, baba. Ruhusa nitaandika mimi."

Alipotoka, fundi aligeuka akitabasamu. "Mmeona? Hakuna hata ujumbe mmoja uliopotea."

Kwa hesabu za mashine, alisema kweli. Karani alichukua kalamu, akaanza kuandika ruhusa ya mazishi.