Ndeke Iliyotafuta Moshi

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya kichefuchefu. Ndege yetu ndogo ilishuka juu ya mtaa wetu wa Kikula kwa kuzunguka, duara chini ya duara, ili mrija uliotokeza ubavuni unyonye hewa ya kila kimo: moshi wa makaa, wa nyasi za kiangazi, wa viwanda. Gesi za moshi huo ni kidogo mno hewani, lakini zinatosha kuharibu mvua zetu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu karibuni, na kupima hewa ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza. Niliona hata bati jekundu la nyumba ya babu yako, baba yangu mkubwa, nikafurahi.

Jumapili nilipomtembelea nilimkuta ndani ya shimo uani, amejaa udongo mpaka kwenye nyusi.

“Baba Mukubwa, unachimba nini?”

“Weye ulisoma, na unaniuliza miye? Ndeke ilizunguka hapa juu. Ndeke haizunguke bure. Iko kobalti chini ya nyumba yangu, nitaitosha inje mbele ya kampani kunifukuza.”

Nikamweleza kwamba nilikuwa ndani ya ndege ile, na kwamba tulitafuta moshi.

Alicheka mpaka akaegemea sepetu. “Moshi? Bantu balipe mafuta ya ndeke juu ya kutafuta moshi? Si iko pale kwa jirani, bangeniomba tu.”

Tangu utoto wangu, kila ndege iliyozunguka hapa ilitafuta madini, kisha watu wakahamishwa. Ningekuwa yeye, nami ningechimba.

Alichimba kuelekea chini ya ukuta. Mvua za kwanza ziliuangusha naye akiwa humo. Wewe ulikuwa mdogo, hukuelewa kwa nini tunalia.

Hewa ilipimwa vizuri. Moshi uko palepale, mvua zinachelewa kisha zinamwagika zote pamoja, na shimo lile limejaa maji machafu. Nimeuliza kazini mara nyingi vipimo vile vilimsaidia nani. Najibiwa kwamba sayansi haina haraka.

Sasa unaitaka kazi ileile. Sikukatazi. Ila kabla ndege haijapaa, pita nyumba kwa nyumba, kanisani, sokoni, useme itatafuta nini na nani ataambiwa ilichokipata. Wakikucheka, kaa nao mpaka wamalize. Wasipokuamini, usipande.

Mungu, kama bado anaitazama Kikula, akuwekee udongo imara chini ya miguu, na mtu wa kukuamini kuliko babu yako alivyoniamini.