Pua Iliyosifu Maji ya Kunawa

Naomba mnicheke polepole. Kifua kikuu changu hakikukaa kifuani, kilipanga puani. Nilidungwa sindano, nikapewa vidonge, pua ikazibuka. Nami nikaviacha vidonge. Ugonjwa ukarudi, harufu zote zikapotea. Dresa, yule msaidizi wa tabibu katika zahanati yetu hapa Nyabiyonza, aliponiuliza hali, nikamwapia kwamba nanusa hata moshi wa jirani.

Juzi watu wa mchumba wa binti yangu walileta rubisi. Kwetu pombe hiyo ya ndizi na mtama hainywewi mpaka baba wa binti ainuse na kuipitisha. Dresa naye alialikwa, ameketi mbele kabisa. Nikanyakua kibuyu kilichokuwa karibu, nikafumba macho, nikavuta pumzi kama mjuzi.

“Hii ndiyo rubisi!” nikatangaza. “Ndizi zimeiva, na mtama umekaangwa vizuri!”

Binti yangu akacheka mpaka khanga ikamtoka kichwani.

“Baba mkwe,” mshenga wao akasema kwa adabu, “hayo ni maji ya kunawa. Rubisi bado iko mlangoni.”

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Dresa akajifuta machozi.

“Mzee, kesho asubuhi uje na vidonge vyote ulivyobakiza. Ila leo tuambie kwanza: moshi wa jirani unanukaje?”